Petroli ya Bi Somoe Haina Maji

Bi Somoe alifariki Mtwara mwezi uliopita. Habari ilinikuta Pemba ya Msumbiji, kwenye kituo cha petroli ninachokisimamia, nikiwa nagombana na dereva wa lori aliyeniletea mzigo wenye maji na kuniapia kwamba hauna. Nilimwacha amesimama, nikaenda nyuma ya ofisi kulia, kisha nikarudi kumalizana naye, maana marehemu asingenisamehe kama ningeupokea mzigo ule. Kesho yake nikafunga safari. Kwa kuzungukia Mueda ilinichukua siku mbili, na nilipofika mtaa ambao watu wetu wa Palma walihamia vita ilipotutawanya, maziko yalishapita, imebaki hitima. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa Faruki. Alikuwa amekaa nje na wanaume chini ya turubai, kitambi kimemtangulia, ndevu zimeingia mvi. Akainuka kunipa pole, nami nikampa yake, kisha tukatazamana, na nikajua anakumbuka nini kwa sababu midomo ilianza kumcheza. "Da Zai," akasema, "sasa gari yangu itajaziwa na nani?" Gari lenyewe halipo siku nyingi. Tukacheka pale pale msibani, watu wazima na akili zetu, mpaka mzee mmoja akakohoa, na mimi nikaingia ndani kwa wanawake nikiwa nimejifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Mwaka tuliokuwa tukiucheka ni ule ambao gesi ilikuwa habari mpya. Gesi yenyewe hakuna aliyeiona. Ilikuwa mbali huko chini ya bahari, na wavuvi waliopita nje ya visiwa walirudi na hadithi za meli yenye mnara katikati. Sisi wa nchi kavu tuliona watu: wapimaji waliovaa buti juani, madalali wa viwanja, vijana kutoka Nampula wenye vyeti ndani ya bahasha za plastiki wakiuliza ofisi iko wapi, na ofisi haikuwepo. Kila nyumba yenye chumba cha ziada ilipata mpangaji, na kila mpangaji alikuwa na pikipiki, jenereta au boti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokwenda kwa maji. Wakati huo Palma nzima haikuwa na bomba la petroli. Kulikuwa na sisi, wauza petroli wa chupa, kama meza sita hivi, kuanzia sokoni juu mpaka kwenye mteremko wa kushukia pwani.

Meza ya kwenye mteremko ilikuwa yetu, mimi na Bi Somoe, nusu kwa nusu. Yeye alileta mapipa na jina lake. Mimi nilileta Kireno cha shule, pua kali, na talaka moja iliyokuwa bado mbichi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona nimeshamaliza kuishi. Yeye alikuwa anakaribia sitini na alijiona ndiyo kwanza anaanza. Nyuma ya meza kulikuwa na stoo ya mawe, ina giza na ubaridi hata saa saba mchana, na humo ndani sheria zilikuwa nyingi kuliko za mume wake yeyote niliyewahi kumsikia akimsimulia, naye alikuwa amepata waume watatu. Pipa haliachwi nusu, maana pipa lenye nafasi hutoka jasho kwa ndani na jasho lile ni maji. Pipa halikai sakafuni, linakaa juu ya mbao. Na petroli huchotwa juu tu. Mpira wetu wa kunyonyea ulifungwa uzi mwekundu. Uzi ukifika kwenye mdomo wa pipa, hapo hapo unasimama, usizamishe zaidi, kwa sababu maji ni mazito na hulala chini. Kile cha chini kabisa hatukumuuzia mtu, tulioshea vyuma. Akimaliza kumjazia mteja alikuwa akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Petroli yangu haina maji." Hakuwa anajisifu. Nahodha akizimikiwa na injini nyuma ya visiwa hana pa kukanyaga, na wajane wawili wa mtaa wetu walikuwa wajane kwa sababu hiyo.

Basi mwaka ule akaja bwana mmoja kutoka kusini, aliyepewa kazi ya kuyasimamia maboti yaliyokodiwa na wageni wa gesi. Watu walimwita Chefe, yaani mkubwa kwa Kireno, na sidhani kama kuna aliyelijua jina lake. Akapita meza zote sita, akanusa, akauliza, akaandika, kisha akatangaza kwamba baada ya miezi minne atachagua meza moja tu ya kuyajazia maboti yake yote. Bi Somoe alijifanya hajasikia. Lakini alasiri ile alifagia stoo mara mbili, na siku ya pili akanituma nimtafutie rangi nyeupe ya kupaka zile mbao za chini ya mapipa, mbao ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziona. Nikajua anaitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu nimjue. Miaka ishirini alikuwa ameuza petroli kwa watu waliosema "mwanamke gani anajua mambo ya injini," na hii ilikuwa ndiyo siku ya kuwajibu wote kwa mpigo mmoja.

Faruki alirudi katikati ya habari hizo. Alikuwa ameondoka Palma kijana mwembamba kwenda kufanya kazi melini, akapotea huko miaka kumi na moja, na mama yake, Bi Mwanaidi, alishachoka kuulizwa habari zake. Alirudi na gari juu ya lori. Gari jekundu la mbio, milango miwili, viti viwili, paa la turubai, pua imeinama kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Lilitengenezwa kabla sijazaliwa, kwa ajili ya barabara ambazo kwetu hazikuwepo. Wazee waliuliza abiria wanakaa wapi. Wengine walisema Faruki ametumwa na wageni kupima kina cha mchanga wetu. Lilipoteremshwa lilikwama hatua tatu kutoka kwenye lori, likabebwa na wavuvi wanane mpaka uani kwa mama yake, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na dumu mkononi nilicheka kicheko ambacho sikuwa nimekicheka tangu kabla ya kuolewa. Mahali pa kulikimbiza palikuwa pamoja tu, kile kipande cha barabara kilichochongwa na magreda ya wageni nje ya mji, ambacho ukianza Fatiha mwanzoni, unaitikia amina mwishoni.

Siku ya kwanza Faruki alikuja mezani kwetu kwa miguu, karatasi nyeupe mfukoni. "Bi Somoe, shikamoo. Naomba tone moja tu la gasolina yako."

"Tone?" Bi Somoe akamtazama juu mpaka chini. "Unanunua au unaonja?"

Akaeleza, kwa adabu, kwamba petroli safi ikidondoshwa kwenye karatasi hukauka bila alama, na iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa. Akadondosha. Tukainama wote watatu juu ya karatasi tukisubiri. Ikakauka nyeupe. Wakati anafurahi, Bi Somoe akamkamata mkono, akamgeuza kiganja na kumtilia matone mawili. "Ya baridi?" "Ya baridi." "Imekauka?" "Imekauka." "Vidole vinateleza?" "Havitelezi, mama." "Basi karatasi yako wapelekee wanafunzi, waandikie. Mimi sipimwi." Lakini Faruki aliendelea kuja na karatasi kila wiki, na kila wiki Bi Somoe alikasirika upya, na nadhani wote wawili waliyapenda mashindano yale.

Kazi ya kulilisha gari lile haikuwa rahisi, nayo ndiyo iliyonirudisha duniani. Karatasi na kiganja vinakuambia kama petroli ni safi. Havikuambii kama ina nguvu. Lile gari lilikuwa na injini inayobana sana, na ukilipa petroli dhaifu linagonga kwenye mlima, kama kokoto ndani ya kopo. Tulikuwa na petroli za aina mbili. Moja ilivushwa kutoka Mtwara na kutufikia ikiwa bado changa. Nyingine ilipanda kwa lori kutoka kusini, ikakaa kwenye mapipa ya watu miezi, mpaka inanuka rangi ya mlango. Tulijaza kidogo kidogo, ya huku na ya huku, Faruki akapanda nayo mteremko na mimi kando yake nimetoa kichwa nje kusikiliza. Ya Mtwara ilipanda kimya. Ile ya zamani ilifanya mbuzi wa watu wakimbie. Tukakata shauri: ya Mtwara tu, na ya wiki hiyo hiyo, ichujwe kwa kitambaa cha sufu mara mbili. Mimi ndiye niliyeshika faneli, mimi ndiye niliyesema hii ndiyo na hii siyo, na Faruki hakuwahi kunibishia. Hakuna mwanamume aliyekuwa amenisikiliza namna ile kabla yake. Msije mkafikiria mengine; alikuwa na mchumba wake, Rehema, mtaa wa juu, na mapenzi yangu yote mwaka ule yalikuwa kwa ile kabureta.

Tena kulikuwa na dawa. Faruki alikuja na sanduku la vichupa vidogo vya aina tatu: cha kusafisha, cha kuongeza nguvu, na cha kulinda vali. Nilimsomea Bi Somoe maandishi ya Kireno na Faruki akafafanua. "Gari hii ilizaliwa wakati petroli ina madini ya risasi. Ile risasi ndiyo iliyokuwa inalainisha vali. Petroli ya sasa haina, kwa hiyo vali zinasagika taratibu. Hiki kichupa kinakaa mahali pa risasi." Bi Somoe akafikiri. "Kwa hiyo ni nzee aliyenyang'anywa tambuu," akasema, "mnampa karafuu atafune." Faruki akasema ndiyo, hasa. Kila mara kabla ya kujaza alitia dawa kwanza, halafu petroli juu yake ili vichanganyike, na alilifanya hilo uani kwa mama yake, polepole, akihesabu matone kwa midomo. Vichupa vilipoanza kuisha, fundi mmoja akatushauri tusage vidonge vya nondo, vile vya kabatini, eti vinaongeza nguvu. Bi Somoe alikataa kusikia habari hiyo. Alisema gari likinuka kabati la marehemu hataliruhusu lisimame mbele ya meza yake. Mwishowe Faruki alirudisha cheche nyuma kidogo ili injini isigonge, na kwa ajili ya vali tukatia nusu kifuniko cha oili ya boti kwa kila dumu, jambo ambalo manahodha waliliona la kawaida sana na Faruki aliliona kama tumegundua sisi.

Siku za Ijumaa tulikula kwa Bi Mwanaidi. Chumba chake cha mbele nakiona mpaka leo: kuta za mawe zilizopakwa chokaa, mkeka mmoja mkubwa, picha ya Makka iliyopauka upande uliopigwa na jua, na dirisha lililotazama uani ambako gari lilifunikwa shuka ya maua, shuka ambayo najua aliitoa kwenye sanduku lake la harusi. Alitupikia wali wa nazi na matapa ya kisamvu yenye kamba wa kukaushwa, na alikuwa hali mpaka Faruki ashibe, kana kwamba akimwacha na njaa atapanda tena meli. Siku moja nilikuwa nanawa mikono nje, nikamsikia jikoni akiongea na Bi Somoe kwa sauti ya chini.

"Somoe, niambie kweli. Hili gari linaumwa?"

"Haliumwi. Limezeeka tu."

"Mbona halitoki mpaka linyweshwe dawa? Na dawa zenyewe ndiyo zinaisha, nimeviona vichupa. Ntoto nimemsubiri miaka kumi na moja, halafu siku ya harusi aende kwa watu ndani ya kitu kigonjwa."

Bi Somoe akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, gari lina watu wawili wanaolitazama. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Mimi nilirudi mkekani nikala embe, na sikulitia jambo lile moyoni hata kidogo.

Harusi ilipangwa wiki moja kabla Chefe hajachagua. Asubuhi ya siku ile nililijazia gari mwenyewe pale uani, petroli iliyofika kutoka Mtwara juzi yake, nimeichuja mpaka ningeweza kusomea gazeti chupa ikiwa katikati. Kisha nikaingia kukuna nazi na wenzangu. Katikati ya pilikapilika nilimwona Bi Mwanaidi kando ya pipa la maji, anaosha sahani nyeupe. Mwalimu alikuwa amemwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani, zinaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa au msafiri anakunywa. Aliyamimina maji yale ya manjano kwenye chupa ya soda, asidondoshe hata tone. "Kombe la nani, Bi?" nikamuuliza. "La msafiri," akanijibu. Nikadhani ni Faruki, na nikamwombea heri.

Alasiri bwana harusi akatoka. Alikataa katakata mtu mwingine aliendeshe gari, na kiti cha pili kilikaliwa na sanduku la bibi harusi lililofungwa utepe. Mbele dufu, nyuma wanawake na vigelegele, Bi Mwanaidi katikati yao na mrashi mkononi akiwanyunyizia watu. Gari likatoka pwani vizuri, likaanza kupanda mteremko, na mbele ya meza yetu hasa likakohoa. Likajivuta kidogo, likakohoa tena, likazima. Faruki akalijaribu mara tatu. Dufu zikanyamaza moja moja, na katika ukimya ule sauti ya mtu fulani nyuma ya umati ikasema, bila hata kupaza, "Petroli ya Somoe hiyo." Chefe alikuwa amesimama pale pale na suruali yake iliyonyooshwa, maana alialikwa.

Niliingia chini ya gari na gauni langu nililoshonea harusi ile. Nikalegeza bolti ya chini ya tangi na kukinga kwa chupa nyeupe, kisha nikatoka nayo na kuiweka mezani itulie. Juu petroli, na chini, vidole viwili kamili, maji. Nilijua nimechuja, nilijua nimechota juu ya uzi, na bado yale yalikuwa maji. Nikamwaga petroli ya juu taratibu mpaka yakabaki maji peke yake, nikaona yana umanjano, na ndani yake kimeelea kijiuzi kimoja chembamba cha zafarani. Nikatia tone kiganjani. Chini ya harufu ya petroli kulikuwa na marashi.

Kombe ni la kunywa, na Bi Mwanaidi alimwona mwanawe miezi yote ile akilinywesha lile gari dawa kwa kichupa, kwa kuhesabu, kwa heshima. Zile za mwanawe zilikuwa zinaisha. Akaleta ya kwake, iliyo bora kuliko zote anazozijua.

Bi Somoe alikuwa ameshafika mezani. Nikamnong'oneza yote. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa na ushahidi mkononi na jina letu lilikuwa limepona. Yeye hakunitazama. Alimtazama Bi Mwanaidi, ambaye alikuwa ameegemea boneti ya gari na kulipapasa kwa kiganja kama mtoto mwenye homa, midomo inasoma. "Nani mwingine ameona?" akaniuliza. Nikamwambia mimi tu. "Nipe."

Akaichukua ile chupa na kugeukia watu. "Jamani, msihangaike," akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku. "Petroli ilikuwa na maji. Maji ni yangu. Nilichota chini ya pipa."

Nilifungua mdomo na akanikanyaga mguu, akakanyaga hasa, kwa kisigino. Chefe akatikisa kichwa na kutazama saa yake. Bi Somoe akazunguka nyuma ya stoo, kwenye mkorosho ambapo hapapiti njia, nikamwona anachuchumaa, anashika chupa kwa mkono wa kulia na kuyamimina yale maji kwenye shina, polepole, mpaka tone la mwisho. Aliporudi alituamuru mimi na Faruki tusafishe kabureta, tukajaza upya, na gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Vigelegele vikarudi mara mbili ya mwanzo. Bi Mwanaidi alilia kwa furaha mbele ya watu wote, na nikaah ikafungwa kabla ya magharibi.

Siku nne sikusema na Bi Somoe. Tulikula sahani moja, tulibeba madumu pamoja, na sikumsemesha. Wateja walipita mbele yetu wakiangalia upande wa bahari. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyewahi kusingiziwa, na nilikuwa nimesingiziwa mengi wakati wa talaka, na nilimwona mwenzangu ameipata nafasi ya kusafishwa mbele ya mji mzima akaitupa. Ijumaa akaja Bi Mwanaidi, amevaa vizuri, na chupa ya soda imefungwa kwenye leso. "Somoe mdogo wangu," akasema, "nimekuletea kombe. Ni la petroli yako, lisikusumbue tena maji. Lile la juzi lilimsaidia mwanangu, uliona mwenyewe gari lilivyoamka." Bi Somoe akainuka, akalipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, dada. Lakini hili nitalinywa mimi," akasema. "Mapipa yananitegemea mimi." Bi Mwanaidi akaona hiyo pia ni sawa. Alipoondoka nilivunja ukimya wangu, nikauliza analinywa la nini. "La hasira zako," akasema, akaligugumia lote, na nikacheka bila kutaka, nikicheka huku bado nimekasirika. Akaniambia ana jina la kutosha, ataliotesha tena. Yule mama ana mtoto mmoja na siku moja ya harusi. Hakuongeza neno, akaenda kuangalia mapipa.

Jumatatu yake, asubuhi, manahodha wamejaa na Chefe yupo na daftari lake, Faruki akasimamisha gari mbele yetu. Akafungua tangi. Nikamsubiri atoe karatasi. Hakutoa. "Jaza, Bi Somoe," akasema kwa sauti ya kusikika pwani. Bi Somoe mwenyewe alishtuka. "Hutaki kupima?" "Nipime nini?" Tukajaza, akaondoka. Jumatatu iliyofuata akaja tena, na nyingine tena, bila karatasi, mtu ambaye mji mzima ulijua kwamba anapima hata maji ya kunywa. Chefe alikuwa ameahirisha uamuzi wake kwa sababu zake za kiofisi, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia nahodha mmoja kwa Kireno kwamba kama mwenye lile gari la kudeka anajaza pale macho yamefumbwa, yeye ni nani wa kufumbua. Kabla mwezi haujaisha tukapewa maboti yote. Bi Somoe aliinama akazipaka tena rangi zile mbao, na mimi nikapaka pamoja naye, na tuliimba.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipotoka tena nje ya nyumba ya msiba kumpelekea Faruki chai. Nikampa kikombe na kumuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini aliacha karatasi. Akapuliza chai.

"Da Zai, mimi nimekulia nyumba ya makombe," akasema. "Maji ya pipa ntu anayamwaga barabarani, shwaa. Kutoka garini nilimwona Bi Somoe akiyapeleka kwenye shina la nkorosho, amechuchumaa, kwa nkono wa kulia. Maji gani yanamwagwa vile?" Akanywa funda. "Nikatazama nyuma, nikamwona mama yangu na mrashi. Pronto, basi. Nikajua."

"Na hukusema miaka yote."

"Yeye mwenye jina alinyamaza. Mimi niseme nini?"

Nilirudi ndani macho yamejaa. Wanawake walikuwa wamekaa ukutani kuzunguka chumba, wanachambua mchele wa hitima, na Bi Mwanaidi, ambaye sasa haoni vizuri na ni mdogo kama mtoto, alikuwa katikati anawasimulia vijana wasiomjua marehemu. "Somoe alikuwa ntu wa petroli," alikuwa akisema. "Siku ya harusi ya mwanangu petroli yake ikaingia maji, gari likazima njiani. Bahati nilikuwa nimelifanyia kombe. Muulizeni Zaituni, alikuwepo." Vichwa vyote vikanigeukia. Binti mmoja, mjukuu wa marehemu, aliniangalia kwa macho ya kuomba, kama anayetaka niseme kwamba bibi yake hakuuza maji.

Nilikuwa na la kusema. Nimelibeba miaka yote, na mwenye kunikanyaga mguu alikuwa ameshazikwa. Nikakaa chini karibu na Bi Mwanaidi, nikamshika mkono.

"Nilikuwepo, mama," nikasema. "Ilikuwa na maji."

"Mnaona," Bi Mwanaidi akawaambia, akinipapasa vidole. "Lakini alisema mwenyewe mbele za watu, maji ni yangu. Hakumsingizia ntu. Nami kila Ijumaa nikampelekea kombe mpaka tukahama, na hakulikataa hata siku moja. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinywa mbele yangu. Nyie mmepata kumwona ntu wa namna hiyo?"

Yule mjukuu alikuwa analia, lakini anatabasamu, na mimi nikavuta ungo karibu nikaanza kuchambua mchele.